Nani Ameshika Tiketi ya Mbunge?

Mvua ilitukuta nje ya Ukumbi wa Karimjee. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ametoka kwenye mdahalo wa vijana kuhusu Katiba, beji bado inaning'inia shingoni, sauti bado ya jukwaani. Tukajibanza kibarazani na watu wengine waliokuwa wakisubiri ipungue wawahi magari ya Posta. Hata sijamaliza kuitikia shikamoo yake, akaanza.

"Shangazi, dawa ni moja. Turudi kwenye mfumo wa waziri mkuu. Rais kumtoa lazima upate theluthi mbili ya Bunge, nani ataipata? Waziri mkuu wa kibunge akizidiwa kura moja tu, jioni anafungasha."

Akagonga ukuta kwa kiganja. "Na tulikuwa naye humu humu."

Nilimwambia tutaongea. Mvua ikakatika, akapanda gari lake, nami nikapanda langu. Ila maneno yake yalishuka na mimi kituoni. Wiki zilipita nikiwa nayo kwenye mwendokasi, jikoni, hata kwenye vikao vya kazini ambako nilipaswa kuwaza mengine. Ninachokitaka mimi ndicho anachokitaka yeye: madaraka ya nchi yasirundikwe mikononi mwa mtu mmoja. Na bado, kila nilipotaka kukubali dawa yake, kuna kitu kilikwama.

Kilianzia kwenye ukuta ule alioupiga kofi.

Karimjee, 1962

Kuanzia tarehe 9 Desemba 1961 hadi 9 Desemba 1962, Tanganyika ilikuwa na serikali ya kibunge ya mtindo wa Uingereza. Malkia alikuwa mkuu wa nchi, Sir Richard Turnbull akimwakilisha kama Gavana Mkuu, na mkuu wa serikali alikuwa Waziri Mkuu aliyewajibika kwa Bunge, lililokuwa likikutana Karimjee. Mwalimu Nyerere alikishika kiti hicho hadi tarehe 22 Januari 1962, akajiuzulu ili akaijenge TANU. Rashidi Kawawa akaingia. Nchi ikapata mkuu mpya wa serikali bila mpiga kura hata mmoja kuulizwa, na kwa taratibu za mfumo ule hapakuwa na kasoro yoyote.

Hilo peke yake halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, ile iliyoiruhusu dola kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani, ilitungwa mwaka huohuo wa 1962, kabla ya Jamhuri.

Wengi wetu tumezoea kuihesabu sheria ile kama tunda la urais wenye nguvu. Haikuwa hivyo. Ilipitishwa wakati Bunge lilikuwa na uwezo wote wa kuiangusha serikali, uwezo uleule ambao kijana wangu anautamani. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilikuwa imepata viti 70 kati ya 71, na hata yule mmoja aliyeshinda kama mgombea binafsi alikuwa mwana-TANU. Kisha Bunge lenyewe likajigeuza Bunge la Katiba, likapitisha katiba ya Jamhuri iliyoweka madaraka ya utendaji kwa Rais. Hakuna aliyelipora. Lilikabidhi.

Sisemi haya kumshusha Mwalimu wala kizazi kile, kilichokuwa na kazi ya kujenga nchi karibu kutoka sifuri. Nasema tu kwamba breki ilikuwepo na hapakuwa na mguu wa kuikanyaga.

Onyo kutoka kwa wenye mfumo wao

Nikaamua kuwafuata wenye mali. Mwaka 1976 Lord Hailsham, mwanasheria na mwanasiasa wa chama cha Conservative, alitoa mhadhara kwenye BBC akasema Uingereza inaishi chini ya udikteta wa kuchaguliwa. Hoja yake inafuatika kirahisi. Bunge lao ndilo lenye kauli ya mwisho na hakuna waraka mmoja wa katiba wa kulizuia. Bunge linaongozwa na chama chenye wingi, chama kinaongozwa na serikali, serikali inaongozwa na waziri mkuu. Ukizishuka ngazi hizo hadi chini, mamlaka yote ya Bunge unayakuta yametua kwenye meza moja.

Chama chake kiliporudi madarakani mwaka 1979, yeye mwenyewe akawa Lord Chancellor, cheo cha juu cha sheria serikalini, hadi 1987. Onyo lile halikugeuzwa kuwa sheria. Ukiwa umekaa upande wa pili wa meza, nadhani udikteta huo unaonekana mzuri zaidi.

Tazama hesabu za leo. Katika uchaguzi wa 2024 Labour ilipata takriban asilimia 34 ya kura na viti 411 kati ya 650. Sheria ya 1975 inaruhusu hadi mawaziri 95 kukaa katika House of Commons, baraza lao la wabunge wa kuchaguliwa, na waziri anayetaka kuipinga serikali kwa kura anaacha kazi kwanza. Juu yao kuna wabunge wanaowasaidia mawaziri bila mshahara wa ziada, nao wanatarajiwa wafuate mstari uleule. Maana yake, kabla mjadala haujaanza, serikali inaingia ukumbini na kundi kubwa la kura ambazo haziwezi kwenda kwingine.

Tunaujua mchezo huo. Hatuhitaji kupanda ndege kumsikia mtu akisimama na kusema anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, halafu ndipo aanze kueleza matatizo ya jimbo lake.

Australia walikwenda mbali zaidi kimyakimya. Kati ya mwaka 2020 na 2021, Waziri Mkuu Scott Morrison alijiteulisha kwa siri kusimamia wizara tano zaidi, nyingine bila waziri husika kujua. Josh Frydenberg alikuwa akishika Hazina ya nchi bila kufahamu kwamba bosi wake naye ameteuliwa kuishika. Jambo lilifichuka Agosti 2022, Morrison akiwa ameshaondoka madarakani, na Bunge likamkemea rasmi Novemba mwaka huo. Serikali ya kibunge inasimama juu ya waziri kujibu mbele ya Bunge kwa wizara yake. Sasa Bunge litamuuliza nani, ikiwa halijui nani ni waziri?

Hapa ndipo nilipoyumba

Nilikuwa tayari kumpigia kijana simu nimwambie dawa yake ni maji ya bomba. Kisha nikakumbuka Boris Johnson, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza.

Mwishoni mwa Agosti 2019 alimshauri Malkia alifunge Bunge kwa wiki tano, muda mfupi kabla ya tarehe ya nchi kutoka Umoja wa Ulaya. Kabla ya kufungwa, tarehe 3 Septemba, wabunge 21 wa chama chake waliungana na wapinzani kuchukua udhibiti wa ratiba ya Bunge. Wangepiga kura upande wa serikali, hoja ile ingeanguka. Jioni hiyohiyo wakavuliwa uanachama wa kundi la wabunge wa chama. Miongoni mwao alikuwa Kenneth Clarke, aliyekuwa bungeni tangu 1970, na Nicholas Soames, mjukuu wa Winston Churchill. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakasema kwa kauli moja kwamba kulifunga Bunge kulikuwa batili.

Desemba Johnson akaenda kwenye uchaguzi na kurudi na wingi wa viti 80. Kwa hesabu ya Hailsham, huyo ni mtu asiyegusika.

Julai 2022 alitangaza kuondoka. Zaidi ya mawaziri na wasaidizi hamsini waliandika barua za kujiuzulu ndani ya siku chache, na hakukuwa tena na serikali ya kuongoza. Aliyemfuata, Liz Truss, alidumu siku 49.

Kwa hiyo kijana ana hoja. Rais mwenye wingi kama ule angemaliza muhula wake, watu wakisaga meno. Hapo nililala na swali jipya: mfumo ambao jana ulimpa mtu mmoja kila kitu, leo ulimng'oaje?

Nilihangaika nalo sana, na jibu nililolipata lipo kwa wale 21. Walipovuliwa kofia ya chama hawakuvuliwa ubunge. Kesho yake waliingia ukumbini kama kawaida, wakakaa, wakapiga kura. Chama kiliweza kuwanyima tiketi ya uchaguzi unaofuata, na wengi waliilipa bei hiyo. Kiti cha siku ile hakikuwa cha chama kukichukua.

Pale kiti kinapokuwa cha chama

Sasa nenda Bangladesh. Katiba yao ya 1972, ibara ya 70, inasema mbunge akipiga kura dhidi ya chama kilichomsimamisha anapoteza kiti. Nchi ina waziri mkuu, ina Bunge, ina kila samani ya Bunge la Uingereza. Sheikh Hasina aliiongoza kwa mfululizo kuanzia 2009. Bungeni hapakuwa na mtu wa chama chake aliyeweza kunyoosha mkono kumpinga na akabaki mbunge hadi jioni. Tarehe 5 Agosti 2024 aliondoka nchini kwenda India, baada ya wiki za maandamano ambayo mamia ya watu walipoteza maisha.

Huwezi kumtoa kwa kura ndani, watu watajaribu kumtoa kwa miili yao barabarani. Naomba tuitazame bei hiyo vizuri kabla ya kuvutiwa na jina la mfumo.

India walifika mahali pa karibu na hapo kwa nia njema. Mwaka 1967 mjumbe mmoja wa bunge la jimbo la Haryana, Gaya Lal, alihama chama mara tatu ndani ya wiki mbili. Kuhamahama kukawa biashara, hadi mwaka 1985 Serikali ya Rajiv Gandhi ikaleta marekebisho ya katiba: mbunge anayekihama chama, au anayekaidi maelekezo ya chama kwenye kura, anaweza kupoteza kiti. Mwamuzi ni Spika, ambaye kwa kawaida anatoka chama kinachotawala. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Nilipofika hapa nilisita tena, kwa sababu sisi nasi tumeyaona ya kuhama. Kuanzia 2017 wabunge wa upinzani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli, na uchaguzi mdogo ukafuata uchaguzi mdogo. Aliyempigia mbunge kura kwa sababu ya chama chake ana haki ya kujiona ameuzwa. Mtu akiniambia kiti kiwe mali ya mbunge moja kwa moja, nitamuuliza atakilinda vipi kisiingie sokoni.

Ninavyoona, hayo ni mambo mawili tofauti na tumeyafunga kwenye kamba moja. Kuhamia chama kingine ni kuvunja mkataba na wapiga kura, na ni halali arudi kwao kuomba upya. Kusema hapana kwa hoja moja, ukiwa bado ndani ya chama chako, ndiyo kazi yenyewe tuliyomtuma. Sheria inayoadhibu la kwanza haina sababu ya kuadhibu la pili.

Majirani wa kusini

Afrika Kusini ndiyo iliyonifungua macho zaidi, labda kwa sababu tunaifuatilia karibu kama siasa zetu. Kule anaitwa Rais, lakini anachaguliwa na Bunge na Bunge linaweza kumwondoa kwa wingi wa kawaida wa kura. Ni mfumo wa kibunge uliovaa jina la urais. Na kabla ya uchaguzi wa 2024, wabunge walitoka kwenye orodha iliyopangwa na chama: jina likikatwa, hapakuwa na jimbo la kukimbilia.

Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba Spika ana mamlaka ya kuruhusu kura ya siri katika hoja ya kutokuwa na imani na Rais. Tarehe 8 Agosti kura ikapigwa kwa siri. Jacob Zuma alisalimika: 198 wakamkingia kifua, 177 wakataka aondoke. Upinzani wote ulikuwa na viti 151. Piga hesabu mwenyewe uone waliobaki walitoka wapi.

Wabunge wale walikuwepo siku zote. Walikaa viti vilevile katika hoja zote zilizotangulia, mikono ikiwa wazi na majina yakisomwa. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza hakuna aliyeweza kuwaona.

Hata hivyo Zuma hakutolewa na Bunge. Alijiuzulu tarehe 14 Februari 2018 baada ya uongozi wa ANC kumtaka aondoke, kama Thabo Mbeki alivyoondolewa na chama hichohicho Septemba 2008. Mara zote mbili uamuzi ulifanyika kwenye kikao cha chama, na Bunge likapelekewa taarifa. Waliomchagua mtu huyo kikatiba wakawa wa mwisho kuulizwa.

Februari 2008

Nilikuwa kwenye duka moja Kariakoo siku zile Kamati Teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilipoleta bungeni ripoti ya Richmond, kampuni iliyopewa zabuni ya umeme wa dharura. Televisheni ilikuwa juu ya rafu, wateja hawanunui kitu na mwenye duka hajali. Spika alikuwa Samuel Sitta. Edward Lowassa alisimama akatangaza kujiuzulu, na mtu mmoja nyuma yangu akasema, kwa sauti ya kutoamini, "Kumbe inawezekana."

Inawezekana. Bunge lililojaa wabunge wa chama tawala lilimtikisa Waziri Mkuu wa chama hicho hadi akaachia ngazi. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini ilikuwa siku ile. Jibu langu ni kwamba chama chenyewe kilikuwa na mgawanyiko. Mbunge aliyesema ukweli alijua ndani ya chama kuna wakubwa watakaomkinga asikatwe. Aprili 2012 Zitto Kabwe alipokusanya saini za kuleta hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, wapo wa CCM waliosaini. Hoja haikufika kwenye kura, ila mwezi uliofuata mawaziri kadhaa waliachwa nje katika mabadiliko ya Baraza.

Lakini ule ni upenyo, na upenyo hauandikwi kwenye Katiba. Ukizibwa, zinabaki sheria, na sheria zetu ni hizi: Rais anachaguliwa nje ya Bunge na si rahisi kumgusa. Mawaziri wake lazima watoke miongoni mwa wabunge, kwa hiyo kila mbunge wa chama chake ni waziri anayesubiri simu. Anaweza kuteua wabunge hadi 10 yeye mwenyewe. Na mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama chake anakoma kuwa mbunge. Mgombea binafsi haruhusiwi, hata baada ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kutoa uamuzi mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki.

Mbunge wetu ni kama dereva wa daladala. Nauli inatoka kwa abiria, lakini hesabu ya jioni anaipeleka kwa tajiri, na tajiri ndiye mwenye ufunguo wa akiba. Badilisha rangi ya gari, andika njia nyingine kwenye kioo. Mradi ufunguo uko palepale, dereva atamsikiliza yuleyule.

Ndiyo maana waziri mkuu wa kibunge, akiletwa hapa kesho huku sheria hizo zimebaki, naogopa atakuwa na nguvu kuliko rais tuliye naye. Rais angalau ana ukomo wa vipindi viwili. Waziri mkuu mwenye wingi, ambaye pia ni mwenyekiti wa chama kinachokata majina, huyo atazuiwa na nani?

Ninavyosoma rasimu sasa

Wajerumani, waliokuwa na sababu ya kuogopa kuliko wengi, waliandika mwaka 1949 kwamba Bunge haliwezi kumwondoa Kansela bila wakati huohuo kumchagua mrithi. Oktoba 1982 Helmut Schmidt alitoka namna hiyo na Helmut Kohl akaingia. New Zealand waligusa mzizi wenyewe: kwa kura ya maoni ya 1993 walibadili namna ya kuchagua wabunge, na tangu uchaguzi wa 1996 ni nadra chama kimoja kupata wingi peke yake. Kila nchi ilishika mahali pake palipokuwa panavuja.

Petu, kwa maoni yangu, panavuja kwenye tiketi. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ya 2013 ilipagusa: mawaziri wasiwe wabunge, mgombea binafsi aruhusiwe, ubunge uwe na ukomo wa vipindi vitatu, na wapiga kura waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muda. Mijadala yetu iliishia kwenye idadi ya serikali za Muungano, moja, mbili au tatu, na vifungu hivi vikapita bila kelele za kutosha. Mimi ningeongeza kimoja: mbunge aliyepiga kura kinyume na chama chake abaki mbunge hadi uchaguzi, hata chama kikimfukuza.

Hicho cha kumwondoa mbunge kabla ya muda ndicho bado kinaninyima amani. Nakipenda, kwa sababu kinamrudishia abiria sauti. Ila saini za wapiga kura elfu kadhaa hazijikusanyi. Zinahitaji watu wa kupita nyumba kwa nyumba, fedha, na matawi kila mtaa. Katika majimbo mengi ya nchi hii, mwenye vitu hivyo ni chama kilekile ambacho mbunge amekisema. Kama kifungu hakitaweka sababu maalumu na mtu huru wa kuzipima, mbunge mkaidi anaweza kufukuzwa na chama chake kwa mikono ya majirani zake. Nimejaribu kukiandika upya mara kadhaa kwenye daftari na sijakipata.